Kitanda cha Hisani na Yule Anayekilalia

(Hotuba ya Kamati ya Elimu mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Imechapwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa kazini siku ile.)



Katika mkutano uliopita ililetwa hoja kwamba fedha za mfuko wetu wa hisani zitumike kujenga bweni katika makao fulani ya watoto. Hoja ile ilipokewa kwa makofi. Ndipo mzee mmoja wa karakana akasimama akauliza, "Je, watoto hao wakisha kukua watakwenda wapi?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Hoja ikaahirishwa, na sisi wa Kamati ya Elimu tukaagizwa tutafute habari za nyumba hizi za hisani: zilianzaje, zimefaa nini, na zimekosea wapi. Leo tumeleta jibu.

Twasema mapema, ili asitokee mtu wa kutudhania vibaya, kwamba hatukuja kuwazuia watu kutoa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini chama cha wafanyakazi si sawa na mpita njia anayemwonea mtu huruma na kutia mkono mfukoni. Shilingi ya chama imetoka katika jasho la watu wengi. Yatupasa kujua inakwenda kufanya kazi gani.

CHUMBA KILICHOKUWA JUU YA DUKA

Habari zenyewe twazianzia Uingereza, kwa kuwa huko ndiko ilikotoka mifano mingi ya hosteli na makao tulivyoyajua hapa Kenya. Na huko, ndugu zetu, twamkuta kwanza mfanyakazi mwenzetu.

Mwaka 1841 kijana mmoja jina lake George Williams, mtoto wa mkulima, alifika London kutafuta kazi. Akaipata katika duka la vitambaa la Hitchcock & Rogers, karibu na kanisa kuu la St Paul's. Duka lile lilikuwa na wafanyakazi kama 140. Siku hizo mfanyakazi wa duka hakwenda kwake jioni, maana hakuwa na kwake. Alikula chini ya paa la tajiri na kulala ghorofani juu ya duka, vijana wengi katika chumba kimoja. Kazi ilianza asubuhi mapema ikaendelea hata usiku, na nje mlikuwa na vilabu vya pombe na kila namna ya maovu ya mji mkubwa.

Tarehe 6 Juni 1844, Williams na wenzake kumi na mmoja walikutana katika chumba kimoja cha ghorofani wakaunda chama cha kusali, kusoma na kuzungumza. Chama kile ndicho YMCA. Hosteli zilikuja baadaye, kidogo kidogo, vijana walipozidi kumiminika mijini. Kwa upande wa wanawake, mwaka 1855 Bibi Mary Jane Kinnaird alifungua nyumba mjini London ya kuwapokea wauguzi waliokuwa wakienda na kurudi katika vita vya Crimea. Kazi ile iliunganishwa na nyingine mwaka 1877 ikawa YWCA. Wengi wetu tunazijua hosteli za vyama hivi viwili mjini Nairobi, na wako miongoni mwetu waliolala humo walipofika mjini mara ya kwanza, wasiwe na jamaa wa kuwapokea. Neema ile hatuisahau.

Lakini yafaa tutazame jambo moja. Vijana wa Williams walipata mahali pa kusali na kitabu cha kusoma, na desturi ya kulala juu ya duka ikaendelea vile vile. Tajiri wa kazi ndiye aliyekuwa tajiri wa kitanda. Kulikuwa na kitabu cha masharti, na faini kwa kila kosa. Mlango ulifungwa saa iliyowekwa, na aliyechelewa alilala nje. Aliyefukuzwa kazi alipoteza mshahara na malazi siku hiyo hiyo. Wanaume wengi hawakuweza hata kupiga kura, kwa sababu hawakuhesabiwa kuwa na nyumba. Ndugu zetu wa mashamba ya chai na wale waliokulia katika nyumba za reli hawahitaji kuelezwa zaidi. Wanajua maana ya kufukuzwa kazi na nyumba kwa barua moja.

Aliyeisumbua desturi ile ni chama cha wafanyakazi. Mwaka 1891 wafanyakazi wa maduka waliunda chama chao cha nchi nzima. Kati ya waliojiunga alikuwamo msichana jina lake Margaret Bondfield, aliyeanza kuuza dukani akiwa na miaka 14 tu, na aliyelala mwenyewe katika mabweni yale. Alikwenda akiajiriwa duka hili na duka lile ili aone hali ilivyo, kisha akaiandika. Tafadhali likumbukeni jina hili, maana tutalirudia.

MVULANA ALIYEAMBIWA NAFASI ZIMEJAA

Sasa tutoke kwa vijana wenye kazi twende kwa watoto wasio na kitu. Thomas Barnardo alizaliwa Dublin mwaka 1845 akaja London mwaka 1866, nia yake asomee udaktari na kwenda China kuhubiri. Hakufika China. Alifungua shule ya watoto maskini katika mtaa wa Stepney, na usiku mmoja mvulana wa shule ile, Jim Jarvis, akamchukua kumwonyesha watoto waliolala juu ya mapaa na vichochoroni, baridi ikiwapiga.

Mwaka 1870 Barnardo alifungua nyumba yake ya kwanza ya wavulana. Nafasi zilikuwa chache. Usiku mmoja mvulana wa miaka 11, John Somers, ambaye wenzake walimwita "Karoti" kwa wekundu wa nywele zake, aliomba kuingia akaambiwa nafasi zimejaa. Siku chache baadaye alikutwa amekufa kwa njaa na baridi. Tangu siku hiyo Barnardo aliweka tangazo mlangoni kwake kwamba hakuna mtoto fukara atakayekataliwa, na milango ikawa wazi usiku na mchana.

Ndugu, jambo hili ni kubwa, wala hatutaki mtu alipitie mbio. Wakati ule Serikali ilikuwa na nyumba za maskini zilizoogopwa kuliko jela, na watu wengi wenye mali waliona mtoto wa mtaani ni mwizi mdogo. Mtu huyu aliwafungulia. Ndani ya nyumba zake wavulana walifundishwa useremala, kushona viatu na kutengeneza brashi. Kwa wasichana alijenga kijiji kizima huko Barkingside, nyumba ndogo ndogo, kila nyumba na mama wa kuwalea. Alipokufa mwaka 1905, nyumba zake zilikuwa na watoto zaidi ya 8,000. Watoto wale wangalilala wapi?

Lakini huruma isiyo na mtu wa kuikagua hupotea njia. Fedha zilihitajika, na ili zipatikane watoto walipigwa picha mbili, moja wakiwa na matambara na moja wakiwa safi kazini, na picha hizo zikauzwa. Mwaka 1877 Barnardo aliitwa mbele ya wapatanishi kwa mashtaka mengi. Mengi yaliondolewa, lakini ilionekana kwamba picha nyingine zilitengenezwa tu, mtoto akavishwa umaskini uliozidi ule aliokuja nao. Tena aliandika waziwazi kwamba nyakati nyingine aliwachukua watoto bila idhini ya wazazi, akiamini awaokoa. Mama mmoja alipomtaka mwanawe, alikuta amekwisha kupelekwa ng'ambo na mtu asiyejulikana anakaa wapi. Kesi ikafika mpaka Baraza la Malodi mwaka 1892, na Barnardo akashindwa rufani yake.

Mama yule alikuwa maskini, na umaskini wake ulifanywa kuwa ushahidi dhidi yake. Angalieni neno hili vizuri, maana lingali hai.

WATOTO WALIOPELEKWA KUFANYA KAZI

Nyumba zilipojaa, wenye hisani walijiuliza swali lile lile la mzee wetu wa karakana: wakikua watakwenda wapi? Wakapata jibu, nalo ni Kanada. Nchi ile ilikuwa na mashamba makubwa na watu wachache. Safari zilianza mwaka 1869, na Barnardo akaanza kupeleka wavulana wake mwaka 1882. Vyama na makanisa mbalimbali vilituma watoto hata karne ya ishirini, na jumla yao ilizidi 100,000. Wengi hawakuwa mayatima. Walikuwa na mama, au baba, au ndugu waliobaki nyuma bandarini.

Mtoto akifika aliwekwa kwa mkulima. Aliye mdogo alifanya kazi kwa chakula na nguo, na aliye mkubwa aliwekewa mkataba na ujira kidogo, ambao mara nyingi hakupewa mkononi mpaka muda utimie. Wako waliopata walezi wema wakawa kama wana wa nyumba ile, wakasoma, wakapata mashamba yao. Hatuwafichi hao. Wengine walilala ghalani, walipigwa, na shule hawakuiona ila wakati wa baridi kazi zilipopungua. Mwaka 1875 mkaguzi wa Serikali ya Uingereza, Andrew Doyle, alitoa taarifa kwamba watoto wakisha kuwekwa hakuna wa kwenda kuwatazama vya kutosha. Msichana mmoja alimweleza kwamba maana ya kuchukuliwa kuwa mwana ni watu kupata msichana wa kufanya kazi bila mshahara.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hayo ni maneno ya wazee wetu, na ni maneno mema. Lakini wazee hawakusema umpe mtoto jembe la mtu mzima, wala hawakusema ukisha kumpa usimsikilize.

Safari ziliendelea karibu miaka hamsini baada ya taarifa ya Doyle. Mwaka 1924 Serikali ya chama cha Leba ilituma ujumbe kwenda Kanada kuwaangalia watoto hawa. Na kiongozi wa ujumbe ule alikuwa nani? Ni yule yule Margaret Bondfield wa maduka. Mwaka mmoja nyuma alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Baraza Kuu la Muungano wa Vyama vya Wafanyakazi vya Uingereza, na sasa alikuwa katika Wizara ya Kazi. Wengi kabla yake walikwenda wakauliza kama watoto wamekuwa na tabia njema. Yeye na wenzake walitazama jambo kwa jicho la mfanyakazi. Waliona kwamba watoto hawa wanachukuliwa kwa sababu ya kazi zao, wakashauri asipelekwe peke yake mtoto ambaye hajafikia umri wa kumaliza shule, yaani miaka 14. Mwaka uliofuata Kanada ikaweka amri hiyo.

Hapo ndipo twaona tofauti ya hisani na haki. Hisani iliuliza mtoto analala wapi. Chama cha wafanyakazi kiliuliza anafanya kazi gani, kwa saa ngapi, na ujira wake uko wapi. Maswali yote mawili yahitajiwa. La kwanza peke yake halikutosha.

Mambo hayakwisha pale. Watoto wengine walipelekwa Australia hata miaka ya 1960, na wengi waliambiwa wazazi wao wamekufa, kumbe wako hai. Mwaka 1986 mfanyakazi wa ustawi wa jamii mjini Nottingham, Margaret Humphreys, alipata barua ya mwanamke wa Australia aliyekuwa akiwatafuta watu wake, na kwa kufuata barua ile habari yote ikafunuka. Waziri Mkuu wa Australia, Kevin Rudd, aliomba radhi mwaka 2009, naye wa Uingereza, Gordon Brown, mwaka 2010. Walioombwa radhi walikuwa wazee wenye mvi.

KWETU KENYA

Sasa turudi nyumbani. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, wazazi waliuawa, walifungwa au walitiwa kizuizini, na watoto wengi wakajaa katika barabara za Nairobi. Mwaka 1959 watu watatu, Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walianza Starehe kwa vibanda viwili vya mabati. Kila mmoja hapa anajua vibanda vile vimezaa nini. Kutoka humo wametoka mafundi, madaktari, wahandisi na viongozi ambao wazazi wao hawakuwa na senti ya karo.

Kwa nini Starehe ilisitawi? Sababu ni nyingi, lakini sisi twataja mbili zinazohusu hotuba hii. Ya kwanza, kitanda kilifungamana na shule na ufundi tangu mapema, hata mvulana akajua akitoka atashika nini mkononi. Griffin mwenyewe ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa Huduma ya Vijana kwa Taifa mwaka 1964. Ya pili, palikuwa na baraza. Kila juma wavulana walikusanyika mbele ya mkurugenzi, na yeyote aliweza kusimama akasema chakula ni kibaya au mkubwa fulani amemdhulumu, na akajibiwa mbele ya wote. Ninyi mliowahi kupeleka malalamiko kwa meneja mnajua mtu hupata nguvu gani akijua neno lake lina mahali pa kusemewa.

Si makao yote yaliyo hivyo. Baadhi yetu tulikwenda siku moja katika makao fulani, ambayo hatuyataji, tukiwa na unga, sukari na sabuni. Watoto walipangwa mstari wakatuimbia juani. Picha zilipigwa nyingi. Tulipokuwa tukipakua magunia, msichana wa miaka kama tisa alimwuliza mwenzetu mmoja, "Mama, wewe unapita sokoni?" Akajibu, ndiyo napita. Mtoto akasema, "Mama yangu anauza sukuma wiki pale. Mwambie nimemaliza darasa la tatu." Mwenzetu yule alirudi amenyamaza njia nzima. Mama huyo alimpeleka mtoto kwa sababu moja tu, hakuweza karo na chakula pamoja. Unga tuliobeba siku ile, pamoja na nauli ya gari tulilokodi, ungalimweka mtoto yule kwa mama yake muda mrefu.

Wala huyu si peke yake. Watoto wengi sana walio katika makao duniani wana mzazi mmoja aliye hai, au nyanya, au shangazi. Kwa sababu hiyo Serikali yetu ilisimamisha kuandikisha makao mapya ya watoto mwezi wa Novemba 2017. Mwaka 2022 ikaja Sheria mpya ya Watoto badala ya ile ya 2001, na mwaka huo huo ukatolewa mpango wa miaka kumi, hata 2032, wa kuwarudisha watoto kwa jamaa na jamii zao, makao yabaki kuwa kimbilio la mwisho. Kwa hiyo, ndugu, kama leo twapitisha hoja ya kujenga bweni, twajenga wakati nchi inajaribu kuyapunguza mabweni.

SHAURI LETU

Kamati yenu haikukubaliana mara moja. Wako waliosema, mtoto anyeshewaye leo hawezi kungoja mpango wa miaka kumi, na kwamba kama Barnardo angalingoja, wengi zaidi wangalikufa kama yule Karoti. Neno hilo ni la kweli, hatuna la kulipinga. Mtoto aliyepigwa au kutupwa anahitaji mlango ulio wazi usiku huu. Baada ya mashauri marefu tumepatana hivi:

Kwanza, fedha zilizokusanywa zisijenge bweni. Ziwalipie karo, sare na chakula watoto wa wanachama wetu waliofariki, wakae pale pale walipo, kwa mama zao, kwa nyanya zao na kwa shangazi zao. Wako wanachama wenzetu waliokufa kazini na watoto wao tunawajua kwa majina. Tusiwangoje mpaka waonekane katika mstari wa kuimba.

Pili, vijana wanaokuja mjini kujifunza kazi wanahitaji kitanda kweli kweli, na hao ndio wenzake George Williams wa leo. Chama kipatane na hosteli iliyopo, kiwalipie miezi ya kwanza, kwa sharti kwamba vijana wachague kamati yao, wajue masharti kabla ya kuingia, na asitolewe mtu kwa sababu ya kufukuzwa kazi kabla kesi yake haijasikilizwa.

Tatu, mwanachama au tawi likitaka kutoa kwa makao yoyote, liulize kwanza mambo manne. Je, makao yameandikishwa, na mkaguzi hufika? Je, wazazi na jamaa wa watoto wanajulikana, nao huruhusiwa kuwaona? Je, watoto hufanya kazi gani, na nani hufaidika? Je, mtoto mwenye malalamiko huyapeleka kwa nani? Mwenye makao mwema hatachukia maswali hayo. Atafurahi kwamba kuna wa kumsaidia kuangalia.

Ndugu wanachama, sisi tulipoingia katika chama hiki hatukuomba kuonewa huruma. Tuliomba kusikilizwa. Basi lile tulilojitakia sisi tuliokwisha kukua, tulitake na kwa yule aliye mdogo, ambaye hana kadi ya chama wala sauti ya kupigia kura.

Hoja iko mbele yenu. Mzee wetu wa karakana yupo hapa leo, ameketi safu ya tatu, naye angali anangoja jibu la swali lake. Tumjibu kwa kura zetu.